Niliyomfundisha Mapendo

Prefe, mkuu wa shule yetu, ameniomba niwaandikie ninyi walimu vijana kurasa chache kabla sijaanza kusahau. Alitaka niandike juu ya kulea tabia pamoja na kufundisha masomo, kwa sababu muda wote niliokuwa hapa nilifundisha hesabu na, saa moja kila juma, kozi ya uraia na maadili. Nadhani alitegemea maneno ya kutia moyo. Atanisamehe. Maneno ya kutia moyo mnayo tayari, yamechorwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa ofisi yake. Mimi nitaandika yale ambayo ukuta haukuyapokea.

Nilizaliwa Butembo. Nilifika Goma nikiwa msichana mwenye diplome mpya na viatu visivyofaa kwa mawe ya hapa. Wakati ule shule yetu ilikuwa majengo mawili ya mbao, bati juu, changarawe nyeusi chini. Mbao zilikuwa zimekauka zikaachana, hata mwalimu wa historia akipiga chafya chumba cha pili, darasa langu linamwitikia. Siku ya kwanza niliuliza nusu ya robo ni ngapi, mtoto mmoja akanitajia mto. Nilidhani ananidharau. Baadaye nilielewa kwamba walikuwa wanasikia masomo mawili kwa wakati mmoja, na wenye bahati walifaulu yote mawili.

Kozi ya maadili nilipewa kwa sababu nilikuwa mgeni na sikujua kukataa. Iliwekwa saa ya mwisho ya Jumamosi. Mwalimu aliyenitangulia aliitumia kuwafagilisha watoto uwanja, na kusema kweli uwanja ulikuwa safi.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Deo. Alikuwa direkta wa nidhamu, mtu wa Masisi, mwili mkubwa na sauti ndogo, kiasi kwamba watoto walilazimika kunyamaza ili wajue wanaadhibiwa kwa kosa gani. Mwisho wa muhula wangu wa kwanza alinikuta najaza mabuletini, zile ripoti za wazazi. Kwenye mstari wa mwenendo nilikuwa naandika «Vizuri, Vizuri, Vizuri», mkono unakimbia. Akaweka kidole juu ya jina moja.

«Madame Kavira, huyu mutoto alifanya nini kizuri?»

«Hana makelele, Papa.»

«Hata kiti haina makelele.»

Siku ileile alinipa kaye, daftari la kurasa mia mbili, akaniambia nimpe kila mwanafunzi kurasa zake, na kila juma niandike kitu kimoja nilichokiona kwa macho. «Usiandike iko na roho nzuri. Andika alikata kalamu yake katikati, akamupa mwenzake.» Nimefanya hivyo mpaka mwaka wa mwisho. Ni kazi ya dakika kumi kwa siku, na ninaipendekeza kwenu kuliko semina zote mtakazoitiwa. Ila andikeni kabla ya kutoka darasani. Ukishafika nyumbani utaandika unachopenda kukumbuka.

Kisha wakaja wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka. Walikuja kwa siku chache, wengi kuliko mji wenyewe, na shule ikafungwa ili watu walale. Sitaeleza tuliyoyaona barabarani miezi ile. Tuliporudi madarasani hakukuwa na dawati hata moja. Yalikuwa yamekuwa kuni za kupikia maharagwe, na ubao mweusi pia. Tulitwanga makaa ya ndani ya betri zilizokufa, tukachanganya na majani, tukapaka ukuta, tukaendelea. Watoto walikalia mawe waliyobeba kutoka kwao.

Jumamosi moja, kwenye kozi yangu, mtoto mmoja wa darasa la kwanza la sekondari akainua mkono. «Madame, kuchukua kiti ya masomo, njo wizi?»

«Ndiyo,» nikasema. «Ni wizi. Ni mali ya watu wote.» Nikageukia ubao.

Jumatatu asubuhi alikuja na dada yake wamebeba dawati letu kichwani. Baba yao alikuwa amelichukua wakati wa vurugu, wakilitumia kama meza. Miguu ya mtoto ilikuwa na alama za fimbo. Papa Deo alilipokea dawati, akamshukuru mbele ya wote, kisha saa za masomo zilipoisha akavaa koti lake akaenda naye nyumbani kuzungumza na baba. Aliniuliza kama nitakuja. Nilimwambia nina mazoezi ya kusahihisha, na ilikuwa kweli. Kesho yake nikamuuliza kwa nini alijisumbua, kwani mtoto alikuwa ametenda vema na jambo limekwisha.

«Limekwisha kwako,» akasema. «Yeye analala kule.»

Vita vilipoanza kufuatana, Papa Deo alikwenda Masisi kuwachukua watoto wa dada yake, kwa sababu kule milimani watu walikuwa wanakimbia. Alisema atarudi Jumatano. Baada ya miezi miwili mama mmoja muuza viazi alituletea habari kwamba hakufika hata nusu ya njia. Hatukuambiwa alizikwa wapi. Koti lake la mvua lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi mpaka alipoteuliwa direkta mwingine, ambaye alikuwa na koti lake mwenyewe.

Mapendo alifika kwetu miaka kadhaa baadaye, mwaka wa nne wa sekondari. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Masisi. Baba alikuwa amekufa, na mama na watoto walikuwa wakiishi chini ya hema kule Mugunga. Alitembea kwa mguu kuja shule na kurudi, na kwa sababu ya vumbi la njia alikuwa na desturi ya kunawa miguu penye bomba kabla ya kuingia darasani. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na hesabu zilikuwa zinamfungukia kama kwamba alizaliwa nazo. Kwa mwalimu, mtoto wa namna ile huja mara mbili au tatu maishani.

Mwaka ule wa nne nilirudisha kazi za mtihani wa muhula, na Mapendo alikuwa wa kwanza. Saa ya mapumziko akaja mezani kwangu na karatasi yake.

«Madame, ulijumlisha mubaya. Ulinipa saba zaidi.»

Nikahesabu tena. Alikuwa na haki. Nikakata zile saba, akashuka mpaka nafasi ya tatu. Jumamosi nilimsimamisha mbele ya darasa nikamsifu kwa muda mrefu. Nilisema mtu wa namna hii ndiye atakayeijenga nchi. Nakumbuka alikuwa anaangalia sakafu. Nakumbuka pia nilivyofurahi, na sasa najua nilikuwa najisifu mwenyewe. Katika kaye niliandika: «Alirudisha pointi saba.» Sikuandika kwamba wanafunzi wenzake walimcheka juma zima, ingawa nililiona hilo nalo kwa macho.

Mwaka wake wa mwisho mapigano yalikaribia tena. Watu waliotoka vijijini walijaa madarasani, na kwa miezi mitatu hatukufundisha. Tulipofungua tena, palibaki majuma machache kabla ya mtihani wa serikali. Mapendo alisoma kwa kuazima kaye za wenzake. Mama yake alikuwa na tumaini moja tu, kwamba binti atapata diplome aingie shule ya uuguzi, kwa maana masista fulani walikuwa wamekubali kumsomesha akifaulu. Wasingempokea bila diplome, na wasingengoja mwaka mwingine.

Mtihani ulifanyika kwenye majengo yetu. Nilikuwa msimamizi wa chumba cha watahiniwa wa shule nyingine, na wanafunzi wetu, Mapendo kati yao, walikuwa chumba cha jirani, nyuma ya zile mbao. Siku ya hesabu na fizike mkuu wa kituo alituita sisi wasimamizi nyuma ya ofisi kabla ya kengele. Hakuwa mtu mbaya.

«Hawa ni batoto ba vita. Miezi tatu hawakuona mwalimu. Nani kati yenu iko na roho ya kuwaangusha? Mutu atapita na majibu. Ninyi muangalie dirisha.»

Mimi nilikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote waliokuwa pale, na niliona wawili wakinitazama. Nilikuwa na maneno yangu ya Jumamosi, yote, miaka yote ile. Nikajiambia kwamba anasema kweli juu ya vita. Nikajiambia kwamba nikikataa, watoto wa shule isiyo yangu wataanguka kwa ajili ya usafi wangu. Hizi zilikuwa sababu nzuri. Hata leo sijapata jibu la kuzivunja zote. Lakini nilizitafuta baada ya kuwa nimekwisha kuamua kunyamaza, na hilo ndilo ninalotaka mlisome mara mbili.

Kijana mwenye shati jeupe aliingia chumbani kwangu na karatasi. Akasimama kando ya ubao akaanza kusoma: «Moja, b. Mbili, e. Tatu, a.» Vichwa vyote vikainama. Nikaangalia dirisha. Nje palikuwa na mama anaanika nguo juu ya mawe meusi, na nilimtazama mpaka akamaliza beseni zima. Nilijua kwamba chumba cha jirani wanasikia kila neno. Mbao zilikuwa zilezile.

Msimamizi wa chumba kile alinisimulia baadaye. Alisema wote waliandika, isipokuwa msichana mmoja mrefu aliyeziba masikio kwa vidole. Alikaa hivyo muda mrefu. Lakini mtu hawezi kushika kalamu na kuziba masikio wakati uleule, kwa hiyo kila alipojaribu kupiga hesabu alitoa mkono, akasikia, akaziba tena. Muda ulipokwisha alikuwa hajafika nusu ya maswali. Msimamizi alikuwa anacheka alipokuwa ananisimulia. Alidhani ni kichaa kidogo, mambo ya kambini.

Siku ya matokeo vijana walijimwagia poda nyeupe kichwani, wakaimba mpaka barabara kuu. Kwenye orodha yetu walikosekana wawili: mmoja aliyekuwa na homa tangu siku ya kwanza, na Mapendo.

Nilikaa nikaandika ripoti ya kurasa tatu, nikampelekea prefe wa wakati ule. Aliisoma taratibu mpaka mwisho.

«Madame, umeandika vizuri. Nikiituma, watayafuta matokeo ya wote. Basi, upite wewe mwenyewe nyumba kwa nyumba, uwaambie wazazi. Uanze na nani?»

Akanirudishia. Nikaiweka ndani ya mfuko, ikatembea nami majuma matatu mpaka pembe zikachakaa. Mwisho niliwashia nayo makaa.

Kabla sijaiwasha, mama yake Mapendo alikuja shuleni. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na amekuja kwa mguu kutoka Mugunga. Mapendo alikuwa nyuma yake. Nilitoka kwenda kuwapokea uwanjani, nikamsalimu, naye akanishika mikono yote miwili.

«Madame, mimi sikusoma. Sikuje kugombana. Nauliza tu, mutoto yangu alikosa nini? Kila mwaka ulisema iko na akili. Nimemuuliza, ananyamaza. Masista bananiuliza pia. Niwaambie nini?»

Mapendo aliinua uso. Sikuwahi kuona uso wake wazi namna ile. Alikuwa ananingojea. Yeye hakuweza kumwambia mama yake kwamba alikataa majibu ambayo wenzake wote waliyapokea, kwa sababu nani angemsadiki? Kutoka kwangu lingekuwa neno la mwalimu. Na kama yangenitoka kinywani, mama angekwenda kwa masista, na masista wangeuliza, na orodha yote ingefutwa, na kila mtu angejua nilikuwa wapi na nilikuwa naangalia nini.

«Fizike,» nikasema. «Fizike ilimshinda kidogo, Mama Mapendo. Hesabu yuko vizuri. Ni fizike tu.»

«Ah, fizike,» akasema yule mama, na akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa. Alinishukuru. Alinishukuru mara mbili. Mapendo aliinama, akaokota kitambaa cha mama yake kilichoanguka, wakaenda.

Hakurudia mwaka. Kambi ilipovunjwa watu walitawanyika, na nilisikia wamekwenda upande wa Rutshuru. Sisi tuliendelea. Lava ilikuja ikala jengo moja, tukajenga lingine kwa matofali, na sasa mwalimu wa historia anaweza kupiga chafya peke yake. Niliendelea kufundisha maadili kila Jumamosi. Wanafunzi walisema ninafundisha vizuri. Wale wa orodha ile wengi wana maisha yao, wauguzi, wafanyabiashara wa Beni, mmoja ni mwalimu mwenzenu hapahapa, na ni mwalimu mzuri. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa mtoto, na watu wazima wa siku ile walikuwa wanaangalia dirisha.

Mwaka huu, baada ya sherehe ya kuniaga, mwanafunzi wangu wa zamani aliniambia kwamba kule Lac Vert, kati ya mahema ya wakimbizi wapya, kuna mwalimu anaitwa Mapendo, mrefu, hana maneno mengi. Nilikaa na habari ile siku nne. Siku ya tano nikapanda pikipiki.

Nilimkuta kwenye darasa la turubai, watoto zaidi ya sitini wamekaa chini. Alikuwa na mvi mbili tatu. Aliniona mlangoni, akamaliza mfano aliokuwa anauandika, akawapa watoto zoezi, ndipo akatoka.

«Karibu, Madame. Umezeeka.»

«Na wewe umekuwa mwalimu.»

«Bila diplome,» akasema. «Njo maana sina namba ya mushahara ku serikali. Wazazi bananipa kile beko nacho.»

Nikamuuliza habari za mama. Alitazama upande wa barabara.

«Mama alikufa Rutshuru, malaria. Siku zile alikuwa anasemea batu bote: mutoto yangu iko na akili, njo fizike tu ilimushinda. Ku soko, ku kanisa. Mupaka siku ya mwisho. Wageni wakija kumuona kitandani, anawaambia.»

«Na wewe hukumwambia?»

«Nimwambie nini, Madame? Kama mwalimu yangu alimudanganya? Alikuwa anakupenda.»

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, mengi, nimeyapanga kama somo. Yalinitoka yamevunjika. Nilimwambia kwamba siku ile nilisikia kila jibu likisomwa, kwamba nilijua yuko nyuma ya ukuta, kwamba nilimdanganya mama yake kwa kuiogopea nafsi yangu na si kwa kuwahurumia wenzake. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza bila kunikatiza, mikono nyuma, kama alivyokuwa anasikiliza zamani.

«Nimesikia, Madame,» akasema.

Nilingoja, kisha nikaona haya kungoja. Ndani watoto walikuwa wameanza makelele, naye akageuza kichwa kuwasikiliza. Nikamuuliza, kwa sababu sikujua niseme nini na kwa sababu nilitaka kujua kuliko kitu chochote, kama watoto hawa anawafundisha pia yale ya Jumamosi.

Hakuwa na hasira usoni, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

«Hapana, Madame. Nawafundisha hesabu na kusoma.»

Akaniaga kwa mkono, kwa heshima yote, akarudi ndani.